"Bunduki Ilijifyatua Yenyewe": Jibu kwa Dada wa Kwale

Barua yenyewe, nikiifupisha kidogo, inasema hivi:

"Shikamoo mzee. Kaka yangu ana miaka 26, anaendesha bodaboda huku kwetu Kwale. Wiki 3 zilizopita, saa mbili asubuhi, alikuwa kwa mama wa mahamri anakunywa chai. Askari mmoja wa sare naye alikuwa pale, bunduki yake ndefu ameilaza mapajani. Alipoinuka kulipa, tukasikia mlio. Nyumba yetu iko nyuma ya kibanda, nikatoka mbio. Kaka amepigwa risasi ya paja, mfupa umevunjika, ametiwa vyuma. OCS, mkuu wa kituo cha polisi, alikuja hospitali na maziwa na shilingi elfu tano. Akasema bunduki ilijifyatua yenyewe, ni bahati mbaya. Ameacha karatasi ya kusema tumesameheana. Baba anataka kutia sahihi yaishe. Mimi nauliza: kweli bunduki yaweza kujifyatua? Na tukisamehe, ndiyo basi?"

Marahaba, mwanangu. Mpe kaka pole zangu.

Kabla sijakujibu lolote, nenda kaulize nguo alizovaa siku ile ziko wapi. Kama hazijafuliwa, zisifuliwe. Zikiwa bado na unyevu zianike kivulini, kisha kila nguo itie kwenye mfuko wake wa karatasi. Usifunge ndani ya nailoni, damu itaoza. Kwenye kitambaa hubaki masizi na chembe za baruti, na mtaalamu akizipima ataweza kusema mdomo wa bunduki ulikuwa karibu au mbali kiasi gani. Ushahidi mwingi wa Pwani naujua mahali unapofia: kwenye karai la mama mwenye huruma, anayefua kikoi cha mwanawe ili akitoka hospitali asikione kikiwa na damu.

Sasa swali lako. Nimekuwa askari wa ghala la silaha, kisha nikafundisha silaha kwa miaka 19. Nitakujibu kama fundi kwanza, mambo ya sheria yatafuata.

Hukutaja aina ya bunduki. "Ndefu" kwa askari wa Kenya mara nyingi ni G3 au AK-47. Nitachukua G3, kwa sababu ndiyo niliyoifungua na kuifunga mara nyingi kuliko nilivyofunga vifungo vya shati. Ili G3 itoe risasi moja, mambo manne lazima yawe yametangulia. Magazini iwe imechomekwa. Mtu awe ameikoki, yaani amevuta mkono wa mtambo nyuma na kuuachia, risasi ya juu ikasukumwa kuingia chemba. Swichi ya usalama, iliyo upande wa kushoto juu ya mshikio, iwe imetolewa kwenye usalama. Halafu triga ivutwe, na triga ya G3 si laini: inataka nguvu ya kilo kadhaa. Hapo nyundo inapiga pini, pini inapiga fataki iliyo kwenye kitako cha risasi, na kilichobaki ndicho mlichokisikia.

Hakuna hata moja kati ya hayo manne ambalo bunduki hulifanya ikiwa imelazwa mapajani. G3 yenye chemba tupu hata ukiitupa kutoka juu ya mnazi itavunjika kitako tu, haitalia. Kwa hiyo maneno "ilijifyatua yenyewe" yanaruka hatua tatu za mwanzo. Nani aliikoki? Lini? Kwa sababu gani mtu anywe chai na risasi ikiwa chembani, saa mbili asubuhi, kwa mama wa mahamri? Kwetu sisi mafunzo yalikuwa hivi: magazini ndani, chemba tupu, mpaka uone hatari yenyewe kwa macho.

Nisikudanganye lakini. Zipo bunduki zinazoweza kulia bila kidole. Zile fupi za zamani ambazo mtambo wake hubaki nyuma ukingoja, ukiziangusha kwa kitako mtambo unaweza kuruka mbele na kubeba risasi njiani. Bunduki iliyopiga mfululizo mpaka mtutu ukawaka inaweza kuchoma risasi iliyobaki chembani. Na bunduki chakavu, ambayo meno yanayoshikilia nyundo yamelika, inaweza kuachia kwa mtikisiko. Hili la mwisho nimeliona. Kwa hiyo OCS akisema bunduki ile ni mbovu, mimi sitamwita mwongo. Nitamuuliza jambo moja tu, na ninyi muulizeni hilo hilo, kwa adabu, mbele ya mashahidi: bunduki hiyo iko wapi leo?

Kwa sababu kama kweli ilijifyatua, haifai kuwa begani mwa mtu. Ilipaswa siku ile ile ifungwe, iwekewe lebo, iondolewe kwenye matumizi na ipelekwe kupimwa: uzito wa triga, hali ya meno, itikiswe na kuangushwa ikiwa na ganda lenye fataki tu. Mkiambiwa iko ghalani kama kawaida, au askari mwingine kaichukua kwa zamu ya usiku, basi hata wao hawaamini kwamba ilijifyatua. Na kama ilikuwa mbovu tangu zamani, lawama haijaisha, imehama tu kutoka kwa askari kwenda kwa aliyeitoa ghalani na aliyetia sahihi kwamba imekaguliwa.

Mimi ninavyodhani, na hapa nadhani kwa sababu sikuwepo, aliinuka akiwa na kidole ndani ya kikingio cha triga. Alitaka pesa mfukoni kwa mkono wa kushoto, bunduki ikateleza mapajani, mkono wa kulia ukaikamata. Jaribu mwenyewe hapo ulipo: kaza ngumi ya kushoto kwa ghafla na kwa nguvu, uone kama vidole vya kulia havitaki kukaza pia. Mikono ya binadamu imeumbwa hivyo, mmoja ukishtuka na mwenzake hushtuka. Ndiyo maana kila mwalimu wa silaha duniani hupiga kelele ile ile, kidole nje ya kikingio, kinyooke ubavuni mwa bunduki mpaka uwe umeamua kupiga. Askari anayeshika bastola kwa mkono mmoja huku amemshika mtuhumiwa ukosi kwa mkono wa pili yuko hatarini vilevile. Akivutwa, anavuta.

Nitakusimulia langu, usije ukadhani nazungumza kama malaika.

Nilikuwa na mwaka mmoja kazini. Tulirudi kutoka doria ya usiku kucha, mvua imetunyeshea, na mbele ya ghala kulikuwa na pipa lililokatwa nusu, limejazwa mchanga, limeinamishwa kidogo kwenye ukuta. Kila anayerudisha silaha huelekeza mdomo wa bunduki kwenye mchanga ule, anatoa magazini, anavuta mtambo nyuma, anachungulia chemba, anatia kidole kidogo kuhakikisha, anaachia mtambo, kisha anavuta triga kwenye utupu. Utaratibu ni huo, na mpangilio wake ndio roho yake. Mimi, kwa usingizi, nilivuta mtambo kwanza kisha nikatoa magazini. Hatua ni zile zile ila zimepinduliwa. Nilipovuta mtambo wakati magazini bado imo, nilijipakia mwenyewe risasi chembani. Nikatoa magazini, nikaiona mkononi, nikajiambia bunduki haina kitu. Sikuchungulia. G3 haina ile tabia ya bastola nyingi ya kubaki wazi risasi zikiisha, kwa hiyo kwa nje iliyojaa na iliyo tupu zinafanana. Nikavuta triga.

Mchanga uliruka ukanijaa mdomoni. Koplo wa ghala hakupiga kelele. Alitoka, akachukua bunduki mikononi mwangu, akaifungua, akaniambia nikae kwenye benchi. Akaenda kaunta akafungua OB, kitabu cha matukio cha kituo, akaandika saa, namba ya bunduki, jina langu, namba yangu, risasi moja, hakuna aliyeumia. Akanifanya nisome nilichoandikiwa kabla ya kutia sahihi. Nilimwomba yaishe kati yetu. Alinijibu kwamba risasi zilitoka 20 na zimerudi 19, na yeye hana mahali pa kuitoa ya 20. Nilinyimwa silaha nikarudishwa darasani, wenzangu wakanicheka mwezi mzima. Tangu siku ile mkono wangu haujawahi kukosea mpangilio, na nilipokuja kuwa mwalimu kitu cha kwanza nilichowaonyesha makurutu kilikuwa pipa la mchanga. Kituo kisicho na pipa lile, askari hutolea risasi sakafuni au ukutani, na upande wa pili wa ukuta kuna mtu anaandikisha wizi wa kuku.

Kisa cha yule koplo kinakuhusu kwa sababu ya ile hesabu ya 20 na 19. Uwajibikaji wa silaha watu hufikiri ni jambo la mahakama na makamishna. Mimi naujua kama daftari. Askari akichukua bunduki anatia sahihi kwenye rejista ya silaha: namba ya bunduki, idadi ya risasi, saa. Akirudisha anatia tena. Siku ile ya kaka yako, mahali fulani kuna ukurasa unaosema askari yule alitoka na risasi ngapi na akarudi na ngapi. Kama umeandikwa sawasawa, mna nusu ya kesi. Kama risasi 20 zilitoka na 20 zikarudi, basi kuna mtu aliyejaza pengo, na hilo ni kosa kubwa kuliko la kwanza.

Sheria inakubaliana na koplo wangu. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 ina Jedwali la Sita, kurasa chache tu ambazo ningependa kila familia ingekuwa nazo. Linasema askari ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Linataja mambo machache yanayoruhusu risasi, la kwanza likiwa kuokoa maisha. Linamtaka ajitambulishe na atoe onyo kabla ya kupiga, isipokuwa kama kuonya kutamwangamiza yeye au mwingine. Linasema utumiaji wowote wa silaha, hata kama hakuna aliyeumia, uripotiwe mara moja kwa mkubwa wake. Na pakiwa na kifo au jeraha baya, ni mkubwa huyo anayepaswa kuripoti kwa Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, ile tunayoiita IPOA, nayo ichunguze. Eneo la tukio lilindwe. Jamaa wa aliyeumia wajulishwe. Inspekta Jenerali naye amepewa kazi yake humo: kuweka utaratibu wa kuhifadhi silaha, rejista ikiwemo, ili kila askari awajibikie bunduki na risasi alizopewa. Na anayesema "niliamrishwa" hapati kinga.

Soma tena pale paliposema mkubwa wake ndiye anayeripoti. Kwa hiyo yule OCS aliyeleta maziwa alikuwa na barua ya kuandika kabla ya kununua maziwa. Muulizeni kama ameiandika. Huenda ameiandika, wapo maofisa waungwana, na msimhukumu kabla. Lakini muulizeni.

Atakuja mtu mwenye elimu kidogo awaambie kwamba "kutumia" silaha maana yake ni kulenga na kupiga, kwamba kilichotokea kibandani ni ajali na Jedwali halihusiki. Hoja hiyo haifiki mbali. Sheria ya IPOA, nayo ya 2011, inaipa mamlaka ile kazi ya kuchunguza vifo na majeraha mabaya yaliyotokana, au yanayoshukiwa kutokana, na kitendo cha polisi. Haijasema kitendo cha kusudi. Paja la kaka yako lililotiwa vyuma halijui nia.

Nendeni wenyewe, msingoje. IPOA ina ofisi Mombasa, malalamiko hayalipiwi, na simu yao ya bure ni 1559. Mkienda, bebeni nguo zile, picha za eksirei, karatasi za hospitali, na namba ya OB. Kama hamna namba ya OB, nendeni kituoni mkaandikishe ripoti mpewe namba. Fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, ijazwe na daktari. Kama risasi ilibaki mwilini na ikatolewa, msiichukue ninyi. Daktari aitie kwenye chombo, aandike jina na tarehe, na aikabidhi kwa mpelelezi kwa sahihi. Ikipita mfukoni mwa mjomba haina kazi tena.

Na ganda je? Ile shaba inayorushwa kando bunduki ikilia. Wazee wengi wa mtaa hawalijali, watoto ndio hulipenda. Hebu ulizeni watoto wa pale kibandani. G3 hurusha ganda mbali, mita kadhaa, kwa hiyo hata waliofagia kibanda huenda hawakuliona. Ndani ya chemba ya G3 mna mifereji midogo iliyochongwa kwa urefu, na ganda likitoka humo hutoka na mistari myeusi iliyolala sambamba, kama ukili wa mkeka. AK haiachi alama hiyo. Juu ya hayo, pini ya kila bunduki hupiga fataki kwa namna yake, na maabara ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, inaweza kulinganisha ganda na bunduki moja tu kati ya mia. Mkilipata, lipigeni picha hapo hapo lilipo na muwapigie IPOA waje walichukue. Msitembee nalo.

Kwenu kuna jambo jepesi ambalo familia nyingine hazikulipata. Februari 2018, ng'ambo ya mpaka huko Dar es Salaam, mwanafunzi Akwilina Akwilini alipigwa risasi akiwa ndani ya daladala, wakati polisi walipokuwa wakitawanya waandamanaji. Askari walikuwa wengi na bunduki nyingi, na jalada lao likafungwa bila hata mmoja kufikishwa mahakamani. Nairobi, Machi 30, 2020, siku chache baada ya kafyu ya korona kuanza, mtoto Yassin Moyo wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao huko Kiamaiko. Kwanza likaja neno "risasi iliyopotea", maneno ya ukoo mmoja na hili lenu la "ilijifyatua". Uchunguzi wa IPOA ulipoendelea, Juni mwaka huo askari mmoja akashtakiwa kwa mauaji. Kwenu hakuna kundi. Ni askari mmoja, bunduki moja, risasi moja, mchana, na mama wa mahamri aliyesimama mita mbili. Huyo mama ndiye shahidi wenu mkubwa. Video hamna, kama ile iliyowaonyesha Wakenya namna Boniface Kariuki, muuza barakoa, alivyopigwa Nairobi Juni 2025, lakini macho ya mama huyo yanatosha, bora asiachwe peke yake.

Hapo nafika kwenye jambo ambalo hukuliuliza ila nimelisoma kati ya mistari. Baba yako haogopi kesi, anaogopa polisi. Siwezi kumcheka. Aprili 2015 mwendesha bodaboda mmoja, Josephat Mwenda, alipigwa risasi ya mkono na askari barabarani upande wa Mlolongo. Akalalamika IPOA, akisaidiwa na wakili Willie Kimani. Juni 23, 2016, wakitoka mahakama ya Mavoko, wawili hao na dereva wa teksi, Joseph Muiruri, walitekwa, wakauawa, maiti zao zikatolewa mtoni Ol Donyo Sabuk. Kilichoanza kama jeraha la mkono kikaishia makaburi matatu. Julai 2022 Jaji Jessie Lessit aliwatia hatiani askari watatu na raia mmoja aliyekuwa mpasha habari wao, na Februari 2023 akatoa hukumu: kifo kwa askari aliyekuwa amempiga Mwenda risasi, na vifungo vya miaka 30, 24 na 20 kwa wengine.

Nimekutajia hilo kwa sababu lile kosa la mwanzo, la risasi ya mkono, lingemgharimu askari yule adhabu ya kazini au kifungo kifupi kama angeliandika OB siku ile. Alichagua kuficha, na kuficha kukamdai zaidi na zaidi. Askari wa kibandani kwenu huenda ni kijana mzuri tu aliyekosea kama nilivyokosea mimi. Kadiri jambo lenu litakavyokuwa kwenye maandishi mapema, ndivyo atakavyokuwa na sababu ndogo ya kufanya upumbavu.

Kwa hiyo msiende peke yenu. Pwani mna mashirika ya haki za binadamu, HAKI Afrika na MUHURI, wote Mombasa, wamezoea kazi hii na watawasindikiza. Kaka yako asiitwe kituoni kuandika maelezo bila wakili au mtu wao kando. Simu za kumwita "tuongee kidogo" azijibu kwa ujumbe, ibaki rekodi. Na ikifika mahali pa vitisho, kuna Wakala wa Ulinzi wa Mashahidi, IPOA wenyewe wanajua namna ya kuwaunganisha nao.

Sasa msamaha. Baba akitaka kumsamehe kijana yule, amsamehe, amwite nyumbani, wale wali pamoja. Hakuna sheria inayokataza na mimi siwezi kumfundisha mzee wa Kwale dini yake. Ila msamaha wa baba haumzuii OCS kuripoti, wala hauizuii IPOA kuchunguza, wala Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma kushtaki. Jeraha la risasi ya serikali si la familia peke yake. Karatasi ile ni jambo jingine. Sijaiona, lakini nimeona dada zake: huwa na sentensi moja katikati inayosema hamna madai mengine sasa wala baadaye. Msitie sahihi. Ipigeni picha, mpelekeeni wakili. Zile elfu tano, kama mmezipokea, andikeni tarehe, kiasi, aliyeleta na alichosema. Maziwa mnywe.

Fedha za kweli zinadaiwa kwa njia mbili, na moja ina saa inayokimbia. Kuishtaki serikali kwa madhara, kupitia Mwanasheria Mkuu, kunatakiwa kufunguliwe ndani ya miezi 12. Hesabu hiyo inaanza siku ya mlio, siyo siku atakayotoka hospitali, wala siku IPOA watakapomaliza, na uchunguzi unaweza kuchukua zaidi ya mwaka. Familia nyingi zimesubiri kwa adabu mpaka mlango huo ukafungwa. Njia ya pili ni ombi la kikatiba Mahakama Kuu, kwa haki ya uhai na usalama wa mtu. Hiyo ndiyo aliyopita mjane wa Arshad Sharif, mwandishi wa Pakistan aliyepigwa risasi na polisi Kajiado Oktoba 23, 2022. Polisi walisema walidhani ni gari jingine. Julai 2024 Mahakama Kuu ya Kajiado ikasema mauaji yale yalivunja haki zake, ikaamuru familia ilipwe shilingi milioni 10. "Tulikosea" haikuwa kinga.

Barua moja zaidi mwandike wiki hii, ya ukurasa mmoja, kwa kituo, na nakala kwa IPOA. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 ombeni nakala ya ukurasa wa rejista ya silaha wa siku ile, na maandishi ya OB ya saa ile. Wana siku 21 za kujibu. Wakikataa, kukataa kwao kuwe kwa maandishi, nanyi mkuweke kwenye faili.

Na kabla kumbukumbu haijachanganyika, kaa na kaka, umpe karatasi na kalamu. Achore benchi. Achore yeye alikaa wapi, askari wapi, mama wa mahamri wapi, mdomo wa bunduki ulielekea upande gani. Usimsaidie, usimkumbushe. Kisha mwombe mama wa mahamri achore yake, akiwa kwake, bila kuiona ya kaka. Andika tarehe juu ya zote mbili, na unitumie.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa silaha